Fumua, usibomoe: kujenga Mwanza kwa matofali, mawe, bati na mbao zilizokwisha kutumika

Nyumba ya zamani ikiangushwa kwa sururu na nyundo kubwa, kinachobaki ni kifusi. Nyumba hiyohiyo ikifumuliwa, yaani ikashushwa kwa mpangilio wa kurudi nyuma kutoka ilivyojengwa, inatoa matofali mazima, mawe ya msingi, bati, mbao na fremu. Tofauti ya kazi ni siku chache. Mwongozo huu ni kwa anayetaka kujenga chumba cha kupangisha, stoo, jiko la nje, banda la biashara au ukuta wa kuzuia udongo kwa vifaa vya aina hiyo, Mwanza mjini au kwenye miji ya pembeni mwa ziwa.

Kanuni moja inatawala karibu kila kinachofuata: kifaa kilichotumika kishushwe cheo. Mbao iliyokuwa kenchi (fremu inayobeba paa) ishuke iwe papi (mbao za kupigilia bati) au rafu. Nondo iliyokuwa kwenye nguzo ishuke iwe grili. Zege lililokuwa jamvi (zege la sakafu) lishuke liwe mawe ya kujazia msingi. Wanaobaki na cheo chao ni wachache: jiwe la itale, tofali lililoiva vizuri, na fremu na bati zilizopita ukaguzi. Ukimwona fundi anarudisha kitu kwenye kazi ileile kiliyoifanya mwanzo, muulize amekipimaje.

Kabla ya kununua

Anza na karatasi. Kubomoa na kujenga vyote vinahitaji kibali cha halmashauri. Kwa Nyamagana ni Jiji la Mwanza, kwa Ilemela ni Manispaa. Mauziano ya vifaa yaandikwe na kushuhudiwa na mwenyekiti wa mtaa ambako nyumba inabomolewa, ukitaja idadi na aina. Bati na nondo za wizi zinatembea sana, na karatasi hiyo ndiyo itakayokutetea polisi wakifika kwenye kiwanja chako. Vyuma na mataruma ya reli usiguse hata ukiuziwa kwa bei ya kutupa: ni mali ya umma, na mataruma ya mbao yamelowekwa dawa ya lami isiyofaa kukaa ndani ya nyumba.

Kiwanja nacho kikaguliwe. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Hakuna ubora wa vifaa utakaookoa nyumba iliyo ndani ya mstari huo, na ziwa lenyewe likijaa halina mazungumzo.

Halafu fanya hesabu ya majaribio. Usinunue matofali kwa kuyatazama yakiwa ukutani. Mwombe mwenye nyumba akuruhusu utoe 100, uyasafishe, uhesabu mazima. Tuseme yamepatikana 68 mazima, 20 nusu, 12 yamekuwa vumbi. Anauza ukuta wenye tofali 3,000 kwa Sh 300,000, usafiri ni Sh 160,000, kijana wa kusafisha anataka Sh 30 kwa kila zima. Utapata mazima 2,040; kusafisha ni Sh 61,200; jumla Sh 521,200. Kila tofali limekugharimu kama Sh 255. Namba hizi ni za mfano tu. Weka za kwako, kisha linganisha na bei ya tofali jipya likiwa limeshushwa kiwanjani, wala si bei ya kwenye tanuri. Mara nyingine jipya linashinda, hasa pale ukuta wa zamani ulipojengwa kwa saruji kali. Ikiwa hivyo, achana nao.

Wakati mzuri wa kufumua ni Juni hadi Agosti. Mvua za vuli zikianza Oktoba, matofali yaliyorundikwa wazi yanalowa, mbao zinavimba, na bati zilizolaliana na maji katikati zinaota unga mweupe ndani ya wiki chache.

Mpangilio wa kufumua

Kata umeme kwenye nguzo kupitia wenyewe wa umeme, si kwenye swichi. Funga maji. Toa milango, madirisha, sinki na choo. Kisha dari, kisha bati, kisha papi, kisha kenchi. Hapo ndipo uguse ukuta, na ukuta ushuke mstari kwa mstari kuanzia juu, ukianza na lenta (mkanda wa zege ulio juu ya milango na madirisha). Jamvi linafuata, msingi mwisho.

Kosa la kila siku ni kuchimba ukuta chini ili uanguke wenyewe. Unaanguka kweli, na theluthi ya matofali inaanguka nao na kuvunjika. Mara nyingine na mtu. Ukuta uliobaki bila paa na bila lenta hauna cha kuushika, upepo wa ziwa wa saa za jioni unatosha kuuangusha. Usiuache umesimama zaidi ya kimo cha mtu usiku kucha bila kuuegemezea magogo.

Vijana wavae viatu vigumu, glovu na barakoa, na awe amechanjwa pepopunda kila atakayeshika mbao zenye misumari. Misumari yote iingie kwenye ndoo moja papo hapo. Iliyoanguka kwenye mchanga itapatikana na mguu wa mtoto.

Kama paa au dari ni la shiti za kijivu za asbesto, simamisha kazi. Zinatambulika kwa unene wa kama milimita 6, uzito wake, na nyuzinyuzi zinazoonekana pale kipande kilipovunjika. Hazitumiki tena kwa lolote, hata banda la kuku. Usizivunje, usizikate, usizipige brashi; vumbi lake linaleta saratani miaka mingi baadaye. Mwite afisa afya wa halmashauri aelekeze namna ya kuzilowesha, kuzishusha nzima na mahali pa kuzizika.

Matofali ya kuchoma

Nyumba nyingi za zamani zilijengwa kwa matofali ya kuchoma yaliyounganishwa kwa udongo, na lipu ya saruji nje tu. Hizo ni hazina. Udongo unaachia. Shika tofali kwa mkono wa kushoto, upana wake ukielekea chini, na mgongo wa panga butu kwa mkono wa kulia. Piga kwa kukwangua, si kwa kugonga, ukianzia ukingoni kwenda katikati. Pigo la kwanza linatoa bonge, la pili linatoa ganda, la tatu ni brashi ya waya. Ukihitaji mapigo kumi, basi iliyo ndani si udongo, ni saruji.

Saruji ni habari nyingine. Pale kiungo kilipo kigumu kuliko tofali, anayevunjika ni tofali. Jaribu kwa tindo na nyundo ndogo kwenye mstari wa kiungo. Likikatika mara mbili mfululizo, ukuta huo uhesabu kama mawe ya kujazia msingi na ulipie bei hiyo.

Yakishasafishwa, yachambue. Gonganisha mawili: lililoiva linalia kama kengele, lisiloiva linatoa sauti ya boga. Kwangua kwa msumari: likitoa unga mwekundu kwa urahisi, halikuiva. Liangushe kwa ubapa kutoka kimo cha kiuno juu ya ardhi iliyoshindiliwa. Likigawanyika vipande viwili limeponea chupuchupu, likisambaratika halifai.

Kwa ukuta wa nje ongeza kipimo cha maji. Chukua matano kavu, yapime uzito, yaloweke saa 24, yafute, yapime tena. Tofali la kilo 2.6 likawa kilo 3.0 limekunywa gramu 400, kama asilimia 15, linafaa. Likizidi asilimia 20, liende ukuta wa ndani tu. Mzani wa duka la nafaka unatosha kwa kazi hii.

Kuna matofali ya kukataa hata yakilia vizuri. Ya shimo la choo na ya zizi yamekunywa chumvi. Ukiyajengea, baada ya mvua mbili yatatoa magadi meupe na lipu itavimba na kudondoka. Ya mistari mitatu ya chini kabisa juu ya msingi yana tatizo lilelile kwa kiasi kidogo, kwa hiyo yatenge tangu wakati wa kufumua, maana yakishachanganyika na mengine hayatambuliki tena. Ya jikoni yenye masizi yanapitisha doa la njano kwenye lipu na rangi. Uso wenye masizi ugeuziwe ndani ya kiungo.

Sasa idadi. Tofali za tanuri zetu hazina saizi moja, kwa hiyo pima zako. Kwa tofali la sentimita 22 kwa 10 kwa 7, na kiungo cha sentimita moja na nusu, tofali moja lililolazwa kwa urefu linachukua sentimita 23.5 kwa 8.5. Hiyo ni tofali 50 kwa mita moja ya mraba ya ukuta mwembamba, na 100 kwa ukuta wa tofali zima wa sentimita 22. Chumba cha mita 3 kwa 3, ukipima katikati ya ukuta, chenye kimo cha mita 2.7, kina mita za mraba 32.4. Toa mlango wa 0.9 kwa 2.1 na dirisha la 1.2 kwa 1.2, inabaki kama 29. Ukuta mzito wa nje utataka tofali 2,900. Kwa vifaa vya kufumua ongeza asilimia 10 badala ya 5 ya kawaida, uwe na 3,200. Ukuta mwembamba uutumie kugawa vyumba tu.

Kabla ya kujenga, osha udongo wote uliobaki. Saruji haishiki juu ya vumbi la udongo, na hapa ndipo kuta nyingi za matofali ya kurudia zinapoharibikia: zinaonekana zimesimama, lakini kila tofali limekaa tu juu ya mwenzake bila kushikana. Tumbukiza tofali kwenye pipa mpaka mapovu yaishe, liache likauke uso, ndipo ujenge. Likijengwa kavu linanyonya maji ya saruji na kiungo kinabaki mchanga.

Mchanganyiko usiwe mkali. Mfuko wa saruji wa kilo 50 ni kama lita 35 kwa ujazo. Kwa kipimo cha 1 kwa 6 utataka mchanga lita 210, yaani ndoo kumi na nusu za lita 20. Fundi atakayekuambia uweke 1 kwa 3 "ili iwe imara" anakujengea ukuta utakaopasuka kwenye matofali badala ya kwenye viungo, na siku mjukuu wako akitaka kuufumua hatapata kitu. Mchanga wa ufukweni mwa ziwa hauna chumvi kama wa baharini, lakini una makombe na mabaki ya mimea, na kuuchota ukingoni ni yaleyale ya mita 60. Nunua wa machimbo.

Mawe na kifusi

Mwanza haina uhaba wa jiwe, na pengine ndiyo sababu watu wanalidharau jiwe la msingi wa zamani. Wasilidharau. Jiwe la itale lililokaa kwenye msingi miaka 40 halijapungua chochote, na tayari limechongwa uso mmoja au miwili. Lisafishe saruji iliyoganda kwa tindo. Mabaki madogo yanavumilika.

Pima kwa nyundo. Jiwe zima linarudisha nyundo na kutoa sauti kali. Lililopasuliwa kwa moto mara nyingi lina nyufa za ndani: sauti yake ni nzito na kingo zinamomonyoka ukizisugua kwa kidole gumba. Hilo liende kwenye kujazia, si kwenye pembe za msingi.

Tahadhari kwa wa mlimani, Igogo, Mabatini, Isamilo na kwingineko: jiwe lililokalia jiwe usilitoe, hata likionekana limejitenga. Kichuguu cha kokoto chini ya jiwe kubwa nacho ndicho kinacholizuia. Vifaa vya kufumua ni vile vilivyojengwa na mtu. Vilivyopangwa na mlima viache.

Ukuta wa kuzuia udongo ndio kazi inayoyafaa mawe haya kuliko zote, na kwa viwanja vya mteremko ndio unaoanza kabla ya nyumba. Kwa ukuta wa kimo cha mita 1.2, kitako kiwe sentimita 60 hadi 70, kikae sentimita 30 ndani ya ardhi ngumu au juu ya mwamba wenyewe uliochongwa usiteleze. Ukuta uegemee kidogo kwenye mlima, sentimita 10 hivi kwa kila mita. Kila baada ya mita moja weka jiwe refu la kufunga, linalopita kutoka uso wa mbele mpaka nyuma. Nyuma yake jaza kokoto au kifusi safi kwa upana wa sentimita 30, na mbele acha vitundu vya maji kila mita moja na nusu, mstari wa chini ukiwa sentimita 15 juu ya ardhi. Kipande cha bomba la inchi 2 kinatosha. Kuta za kuzuia udongo hazianguki kwa sababu ya udongo. Zinaangushwa na maji yaliyokosa pa kutokea, kwa kawaida kwenye masika ya kwanza au ya pili. Ukihitaji kimo zaidi ya mita moja na nusu, mwite mhandisi, au jenga kuta mbili fupi kwa mtindo wa ngazi, moja nyuma na juu ya nyingine.

Jamvi la zege likivunjwa kwa uangalifu linatoa mabamba ya unene wa sentimita 7 hadi 10. Usiyasage. Mabamba hayo yakilazwa bapa, uso laini juu, yanajenga ukuta mfupi wa bustani vizuri kuliko mawe ya mviringo, na yanafaa kwa njia ya kupitia uani.

Yaliyobaki, yaani vipande vya matofali, zege dogo na mawe madogo, ndiyo ya kujazia chini ya jamvi. Toa kwanza mbao, nailoni, udongo wa shambani na hasa jipsam. Kipande cha bodi ya jipsam kikilowa karibu na saruji kinaivimbisha, na jamvi linapasuka kutoka chini bila wewe kujua sababu. Mwaga tabaka la sentimita 15, nyunyiza maji, shindilia mpaka kifaa kidunde, ndipo tabaka la pili. Anayemwaga sentimita 40 kwa mkupuo na kushindilia juu atapata sakafu yenye bonde katikati.

Ukitaka kutumia zege lililosagwa badala ya kokoto, lichekeche kwenye wavu wa milimita 20, toa vumbi, na liloweshe usiku mzima kwa sababu linakunywa maji kuliko itale. Lisizidi theluthi ya kokoto zote. Kwa jamvi la 1 kwa 2 kwa 4: mfuko mmoja wa saruji, ndoo tatu na nusu za mchanga, ndoo tano za kokoto mpya na mbili za kokoto za kusaga. Nguzo, lenta na ngazi zipewe kokoto mpya zote.

Mbao

Mbao ya zamani iliyokaa kavu chini ya bati ni ngumu na imetulia, haipindi tena. Ubaya wake uko ndani. Choma kwa ncha ya kisu sehemu zilizogusa ukuta na zilizokuwa chini ya matundu ya bati. Kisu kikizama zaidi ya milimita 3, kata kipande hicho. Unga laini unaodondoka ukiigonga maana yake imebunguliwa, na wadudu bado wamo. Njia za udongo ni mchwa. Iliyochongwa mkato unaozidi robo ya kimo chake isibebe kitu.

Misumari itoke yote. Pigilia ncha kutoka nyuma mpaka kichwa kijitokeze, kisha ng'oa kwa mtaimbo ukiwa umeweka kipande cha mbao chini yake. Usikate kichwa ukauacha mwili ndani: msumeno wa fundi wa mashine utaukuta, na hutaruhusiwa tena kwenye karakana hiyo. Pitisha sumaku ya spika mbovu juu ya mbao kabla ya kuipeleka kwenye randa. Ncha zenye matundu mengi zikatwe, kwa hiyo mbao ya mita 4 ihesabu kama mita 3.6. Wakati wa kupigilia upya, toboa kwanza kwa keekee, la sivyo mninga wa zamani utapasuka njia nzima.

Mbao za mitumbwi zinauzwa mialoni kote ziwani. Kwa kuwa ziwa ni maji baridi, misumari yake haijaliwa kama ya baharini, na mbao nyingi bado ni nzima. Ila zimepinda kufuata tumbo la mtumbwi, zina matundu ya misumari kila shubiri, na viungo vimezibwa kwa pamba na lami. Zifanye meza, benchi, milango ya stoo au ukingo wa ngazi. Kenchi hapana, hata ukiambiwa ni mvule. Zikaushe kivulini mwezi mmoja au miwili, zikipangwa kwa vijiti katikati, kabla ya kuzipiga randa.

Rangi ya zamani inaweza kuwa na risasi. Usiichome kwa moto wala kuipiga msasa mkavu. Loweka, kwangua, kusanya maganda. Na mbao zenye rangi ya kijani ya dawa ya kiwandani zisiingie jikoni kama kuni hata kipande: dawa hiyo ya kawaida ina aseniki, na inabaki kwenye moshi na jivu.

Oili chafu ndiyo dawa ya mchwa inayotajwa kila mahali. Inanuka miaka, inashika moto, na mvua inaisomba kuelekea ziwani. Kwa mbao za ndani tumia gramu 600 za boraksi na gramu 400 za asidi ya boriki kwenye lita 9 za maji ya moto. Paka mara mbili, ya pili kabla ya kwanza kukauka kabisa. Inasafishwa na mvua, kwa hiyo haifai nje.

Nondo, nyaya na fremu

Nondo iliyokunjwa na kunyooshwa ina nyufa usizoziona. Isirudi kwenye nguzo, lenta wala zege la ghorofa. Grili, ngazi ya bustani, vishikio vya bomba: hapo sawa. Nyaya za umeme na swichi uza kama chakavu, usizirudishe ukutani.

Fremu, milango na madirisha ndivyo vinavyookoa fedha nyingi kwa jasho dogo, kwa sharti moja: vinunuliwe kabla ya kuchora. Pima upana na kimo cha nje cha fremu, ongeza sentimita moja na nusu kila upande, umpe fundi tundu la saizi hiyo. Ukinunua baada ya ukuta kusimama utaishia kukata fremu ya mninga ili iingie kwenye tundu la fremu ya duka. Kagua pembe kwa kupima mshazari zote mbili. Zikitofautiana zaidi ya sentimita moja, fremu imelala.

Bati

Bati ling'olewe kwa kuweka ubao mpana chini ya mtaimbo, usiache bonde kila palipo na msumari. Lipeleke juani, jifunike kitambaa kichwani na bati, kisha tazama: kila nyota unayoiona ni tundu. Nyota za mistari ni matundu ya misumari, hayo yana dawa. Nyota zilizotawanyika katikati ni kutu, halina dawa. Likate vipande vya uzio. Bonyeza kwa kidole gumba pale penye kutu nyekundu. Likibonyea kama karatasi, limekwisha. Kumbuka geji 32 ni nyembamba kuliko 28, na bati jembamba lililotumika miaka 15 halifai kulipiwa.

Kabla ya kufumua paa, pima umbali kati ya mistari ya matundu. Papi za zamani zikiwa kila sentimita 90, zako nazo ziwe kila sentimita 90, ili misumari irudi kwenye matundu yaleyale badala ya kuongeza mengine. Tumia skrubu nene kidogo kuliko msumari wa mwanzo, yenye raba pana. Tundu lisilopata papi lifiche chini ya laji, yaani pale bati la juu linapolilalia la chini, au liwekewe kibandiko cha lami cha kuezekea.

Laji ya pembeni iwe migongo miwili, si mmoja na nusu, kwa kuwa kingo za bati la zamani hazilali vizuri. Laji ya kimo iwe sentimita 15 kwenye paa kali, 25 kwenye paa lililolala. Msumari ukae juu ya mgongo, kamwe si bondeni. Pembezoni mwa paa piga kila mgongo wa pili, katikati kila wa tatu. Na kenchi zifungwe kwenye lenta kwa nondo ya milimita 8 iliyolazwa ndani ya zege wakati wa kumimina, ikazungushwa juu ya kenchi: dhoruba zinazotoka ziwani hunyanyua paa zima likiwa na papi zake, si bati moja moja.

Bati lililopakwa rangi ya zamani au lami lisikinge maji ya kunywa. Ya kufulia na kumwagilia sawa.

Mvua ya kwanza ya vuli ikianza, ingia ndani na chaki, zunguka chumba kizima kabla dari halijapigwa. Weka alama kwenye papi kila penye tone, siku ya jua panda na gundi. Rudia kwenye mvua ya pili. Dari lisubiri mpaka mvua ipite bila alama mpya.